Picha ya Kichwa cha Zaina

Handeni mpaka Sindeni, kwa miguu

Asubuhi niliyotoka Handeni sikuwa nimepanga kwenda popote. Nilikuwa nimemaliza kumchimbia kisima mwenye duka mmoja, nikaamka, nikatazama barabara, nikaona inateremka vizuri. Nikakunja blanketi langu nikaondoka. Ninyi wenzangu wa Kilole mnanijua, hamtashangaa. Hata shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu hiyo hiyo: dirisha letu lilitazama barabara.

Mmeniuliza mmoja mmoja nilikuwa wapi muda wote ule, na yule mtoto mliyemwona kwa shangazi yangu ni wa nani. Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila mtu amebaki na kipande chake na sasa mnabishana. Basi safari yenyewe ilikuwa hivi.

Nilipopita Misima jua lilikuwa limeshapanda. Mbele yangu alikuwa anakwenda mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni kwa kanga, na miguu ya mtoto ilimfikia mama karibu na magoti. Mtoto wa miaka sita, labda saba. Mdomo wangu haujui kungoja.

"Mama," nikasema, "huyo ni mtoto au umeiba gunia la muhogo?"

Hakugeuka. "Wewe ni Mnyamwezi," akasema.

"Umejuaje?"

"Mzigua angesalimia kwanza."

Baba yangu aliletwa kutoka Tabora kukata mkonge, kwa hiyo alikuwa amepatia. Na mnajua mambo ya Wanyamwezi na Wazigua, watani tangu enzi za misafara. Tunatukanana wala hatukasirikiani, na ukitokea msiba kwao, mimi naweza kushika na kufanya mambo ambayo mwenye msiba mwenyewe hathubutu. Nikamwambia kama ni hivyo amekwisha, nitamtukana mpaka achoke. Akasimama, akafungua kanga, akamhamishia mtoto mgongoni kwangu.

"Kutukana kila mtu anaweza," akasema. "Beba."

Ndipo nilipomwona uso. Alikuwa hajalala siku nyingi.

Alijiita Mama Zaina, na mtoto ndiye Zaina. Mumewe alikuwa amefariki. Tulipofika kwenye kivuli nikamshusha mtoto nikamwambia atembee kidogo, anyooshe miguu. Alitembea ameitanua, mwili wote unaelemea kushoto, na hatua ya tano akaanguka. Hakulia. Alikaa pale pale chini akangoja kuokotwa, kama mtu aliyezoea.

Mama yake akanieleza. Tangu mavuno yaliyopita, kila asubuhi mtoto akiamka anashika kichwa, anatapika kabla hajala kitu, halafu anapata nafuu. Zahanati walimpa dawa ya malaria, wakampa na ya minyoo. Ikawa hivyo miezi. Siku moja mganga wa zahanati akamwambia Zaina afuate kidole chake kwa macho. Jicho moja likafuata, jingine likabaki. Akasema sasa hii si kazi yangu, mpeleke kwenye mashine inayopiga picha ndani ya kichwa. Iko hospitali ya shamba moja la mkonge, njia ya Makuyuni.

Nilipombeba tena, mkono wangu uligusa kitu kigumu nyuma ya sikio lake la kulia, ndani ya misuko, kimeshonewa kwa uzi mweusi.

"Usiguse hapo," Mama Zaina akasema. Ilikuwa hirizi aliyofungiwa na bibi yake Zaina. Sikugusa tena.

Mtoto akaniinamia sikioni. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Lakini mimi si babu, mimi bado kijana."

"Mko wawili," akasema. "Mmoja anacheka, mwingine hacheki."

Sindeni tulipokewa katika nyumba ya watu ambao hakuna kati yetu aliyewajua. Walitupa bada, ugali wa muhogo, na mlenda. Zaina alipeleka mkono kuchukua tonge, mkono ukashika hewa kando ya sahani, kwenye lile tonge la pili ambalo alikuwa analiona peke yake.  Mama yake alisogeza sahani kwa kidole kimoja mpaka ikawa pale mkono ulipo. Nilijua alikuwa amefanya hivyo mara nyingi.

Nilikuwa nimesema nitamsindikiza mpaka Sindeni tu.

Sindeni mpaka Korogwe, juu ya magunia

Tulingoja lori siku mbili. Kila aliyepita alituambia linakuja. Mzee mmoja alituhakikishia kwamba amelisikia, na kweli sote tukasikia, ikawa mashine ya kusaga. Siku ya pili mchana likatokea, limejaa mahindi na ngozi za mbuzi, na sisi tukapanda juu ya magunia pamoja na watu wengine.

Barabara ile mnaijua. Kila shimo lilimfanya Zaina apige kelele, si kelele ya kuogopa, ni ya kuumia. Mama yake alikishika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba chungu cha maji kilichojaa mpaka mdomoni. Nikagonga paa la dereva. Dereva, Msambaa mmoja mnene, alisimamisha akashuka amekasirika, akapanda gurudumu kuja kunikaripia. Akamwona mtoto. Akatazama kidogo, akashuka, na kuanzia hapo lori likaenda mwendo wa ng'ombe.

Baada ya muda abiria mmoja akachoka. "Dereva, tunakwenda Korogwe au tunakwenda Makka?"

"Wewe una kichwa kizima," dereva akajibu kutoka ndani. "Kaa nacho kimya."

 Mwanamke mmoja akatoa mto wake wa pamba aliokuwa anampelekea binti yake aliyeolewa, akauweka chini ya kichwa cha Zaina.

Tulipokaribia mto, mashamba ya mkonge yakaanza, mistari iliyonyooka mpaka milimani. Zaina akainua kichwa.

"Nani amesuka haya majani?" akauliza.

Nikamwambia ni baba yangu. Haukuwa uongo mkubwa.

Tulivuka daraja jua limeinama. Nikawapeleka Kilole kwa shangazi, na hapo ndipo wengine wenu mlipomwona. Nakumbuka mmoja wenu aliniambia nimeoa mjane mwenye mtoto mlevi. Simtaji. Anajijua, na baadaye alimletea Zaina ndizi.

Korogwe mpaka shambani, njia ya Makuyuni

Kufika shambani tulipanda toroli tupu ya mkonge, na hii Zaina aliipenda kuliko yote, kwa kuwa reli haina mashimo.

Hospitali ilikuwa ya wafanyakazi wa shamba na watoto wao. Karani akanitazama akaniuliza, "Wewe si mtoto wa yule mkataji wa Tabora?" Nikasema ndimi. "Na huyu mtoto wako?" Nikatazamana na Mama Zaina. Nikasema ndiyo. Mama Zaina alisubiri mpaka karani ameondoka, akaninong'oneza, "Mtoto wangu azaliwe na Mnyamwezi? Afadhali nirudi Handeni."

Mwenye mashine alikuwa Mbondei, Bwana Yohana, mtu wa kusema polepole. Chumba chake kilikuwa na giza na harufu kali ya dawa. Akamwambia Mama Zaina amvue mtoto hereni, shanga, pini, chochote cha chuma. Mama akavua hereni, akavua shanga za shingoni, akamfunga Zaina kitambaa chepesi kichwani kwa heshima. Bwana Yohana akamlaza ubavu juu ya meza, akamwekea vifuko vya mchanga huku na huku ili kichwa kisitikisike.

"Sasa uwe jiwe," akamwambia.

Zaina akauliza jiwe linapumua au halipumui. Picha ya kwanza ikaharibika hapo. Ya pili ilikuwa filamu ya mwisho iliyobaki, sanduku jingine lilikuwa bado halijatoka Tanga. Safari hii alikuwa jiwe kweli. Ikapatikana picha moja tu, ya ubavuni.

Nilimuuliza Bwana Yohana maswali mengi mno mpaka akaona heri anionyeshe. Aliitundika filamu ikiwa inachuruzika maji. Nikauona mfupa wa kichwa, mweupe kama moshi, na tundu za macho, na meno mapya yamejipanga ndani ya taya yakingoja zamu yao. Niliona aibu kidogo, kama niliyeingia nyumba ya mtu bila kupiga hodi. Na nyuma ya sikio, ndani ya duara la fuvu, palikuwa na doa jeupe, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

Daktari, Mzungu aliyekuwa na haraka lakini si mkali, aliishika picha dirishani muda mrefu. Akazungumza na Bwana Yohana, naye akatugeuzia maneno.

"Anasema nyama haionekani kwenye picha. Uvimbe wa kichwani huwezi kuuona wenyewe. Lakini ukikaa muda mrefu unaweza kuota chokaa, na chokaa inaonekana. Anadhani ndiyo hii."

Kwenye barua ya kwenda kwa daktari wa upasuaji wa Tanga akachora kichwa kidogo, akatia msalaba mahali pa doa. Angefunguliwa hapo. Picha na barua vikatiwa ndani ya bahasha ya kaki.

Mama Zaina aliipokea kwa mikono miwili. Njia nzima ya kurudi Korogwe hakunitukana hata mara moja.

Korogwe mpaka Tanga, kwa gari la moshi

Nilikuwa nimesema nitawasindikiza mpaka stesheni tu.

Gari lilichelewa kuondoka, kisha likasimama Mnyuzi kwa sababu ambayo hakuna aliyeijua, hata aliyelisimamisha. Tulikaa kwenye mabenchi ya daraja la tatu, Zaina kati yetu. Bahasha ilikuwa juu ya mapaja ya mama yake. Nilijizuia mpaka hapo.

"Mtani," nikasema, "nipe niione tena."

"Imegandishwa kwa gundi."

"Nitaigandisha tena."

Akanipa. Nafikiri hata yeye alitaka. Nikaitoa picha, nikaishika kwenye mwanga wa dirisha. Zaina akafumba jicho moja, kwa maana hivyo ndivyo alivyojifunza kuona kitu kimoja.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe."

Alijitazama sana. Akajishika taya, akajishika pua, akalinganisha. Kisha akaweka kidole juu ya lile doa jeupe, na mkono mwingine akaupeleka nyuma ya sikio lake.

"Na hapa ni Bibi," akasema.

Hirizi ile alikuwa anaiita hivyo, Bibi.

 Nikamuuliza Mama Zaina ndani yake mna nini.  Udongo wa kaburi la babu yake Zaina, akasema, na konokono wa mtoni aliyesagwa, vimefungwa kwa ngozi. Hakuna chuma. Aliambiwa avue chuma, akavua chuma.

Konokono. Nimefanya kazi na mafundi wa nyumba, nimeona makombe ya baharini yakichomwa kuwa chokaa. Konokono aliyesagwa na chokaa ya daktari ni ndugu.

"Mama Zaina, ule msalaba wameuweka juu ya hirizi. Watafungua kichwa cha mtoto mahali pa konokono."

"Usiseme kwa sauti."

"Ifungue tuwaambie."

"Siwezi." Alikuwa ameshika mkono wa Zaina kwa nguvu mpaka mtoto akauvuta. "Bibi yake alipoifunga alisema, mtu wa nyumba yetu akiifungua kabla mtoto hajapona, atamzika. Nimemzika baba yake, Mnyamwezi. Nimebaki na huyu."

"Basi tuwaambie wao, hospitali, waikate."

"Itakuwa mimi niliyewaambia. Ni kama mimi mwenyewe nimeifungua."

 Ningeweza kumcheka bibi yule, nimetembea sana na nimeona hirizi nyingi zikiwa shingoni mwa maiti. Lakini hakuwa mtoto wangu aliyekaa pale. Gari likaondoka. Mkonge ukapita, mkonge ukapita. Nilifikiri nikifika Tanga nitamfuata daktari kwa siri nimwambie, na nikajua kwamba nikifanya hivyo, lolote litakalompata mtoto mama huyu atajua ni nani aliyelileta.

Muheza tulisimama muda mrefu, watu wakashuka kununua machungwa. Mama Zaina alikuwa anatazama nje. Akasema, kama anayezungumza na dirisha, "Alisema mtu wa nyumba yetu."

Nikasogea karibu.

"Alipofariki baba yake Zaina," akaendelea, "kamba ya kitanda alichofia hakuna aliyethubutu kuikata. Aliikata mtani. Akatutukana, akakata, na hakuna kilichompata mtu."

Akanigeukia. Macho yake yalikuwa yananiomba kitu ambacho hakutaka kukitamka, kwa sababu akikitamka kitakuwa cha kwake.

Nikaazima kisu cha muuza machungwa dirishani. Nikaona kukata kimya kimya hakufai, utani bila matusi si utani. Nikasimama katikati ya behewa.

"Bibi wa Kizigua," nikasema kwa sauti, "wewe usiyejua kupika wala kusonga, uliyemfunga mjukuu wako konokono kwa kuwa kitoweo kingine huna. Kazi yako tumeiona. Sasa sogea, mtu wa Tabora anapita. Ukitaka kulipiza, nifuate mimi, utanichoka njiani."

Behewa zima likacheka. Mzee mmoja wa Kizigua akanijibu tusi ambalo siwezi kuliandika, kama inavyotakiwa. Mama Zaina alikuwa anacheka na machozi yanamtoka kwa pamoja. Nikakata uzi, mmoja, wa pili, wa tatu. Hirizi ikadondoka kiganjani kwangu, nyepesi kuliko nilivyodhani.

"Bibi ameshuka?" Zaina akauliza.

"Amehamia kwangu," nikamwambia.

Muuza machungwa hakutaka kisu chake mpaka amempa Zaina chungwa. Alikula nusu, akalala. Tulimtazama kifua kikipanda na kushuka mpaka Pongwe, na kutoka Pongwe mpaka tukaona minazi.

Tanga

Hospitali nilieleza yote, pamoja na kwamba nilifungua bahasha. Aliyetufasiria alikuwa muuguzi wa Kidigo, na nilipofika kwenye konokono alinitazama kuona kama namchezea. Daktari wa upasuaji alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka wala hakufoka. Aliniomba hirizi. Akaiweka peke yake juu ya bamba la filamu, akaamuru ipigwe picha.

Ilipokuwa tayari aliziweka mbili kwenye taa, ya kichwa na ya hirizi. Doa lilikuwa lile lile, hata kona yake moja iliyokatika.

 Akagusa nyuma ya sikio langu kwa kidole, akanionyesha ambapo kisu kingeanzia.

Zaina akapigwa picha upya, ya ubavuni na ya mbele, akiwa jiwe mara zote mbili. Doa halikuwepo. Mama yake akafurahi, akadhani mambo yamekwisha. Daktari akamvuta taratibu karibu na taa, akamwonyesha mistari myembamba inayopita juu ya fuvu.

"Anasema fuvu la mtoto ni kama limeshonwa," muuguzi akatufasiria. "Hii ndiyo mishono. Angalia hapa imeachana. Kitu kinasukuma kutoka ndani, na kichwa chake kimejaribu kukipa nafasi. Kwa hiyo uvimbe upo. Ila si pale."

"Uko wapi?"

"Hajui bado. Watatoa maji kidogo kichwani na kutia hewa, kisha wapige picha tena. Hewa itaonekana nyeusi. Itakapokomea, ndipo pamezibwa."

Mama Zaina akatazama chini. "Kwa hiyo nilikuwa nimewadanganya."

Muuguzi alimfikishia daktari maneno hayo, na jibu lilirudi fupi. "Anasema hapana. Hawakukuuliza vizuri."

Wakampokea Zaina wodini, na mama yake akaruhusiwa kulala chini ya kitanda. Daktari akanirudishia hirizi. Nikamuuliza Mama Zaina niitupe au niifanyeje. Akasema nisiitupe, lakini isiwe karibu na yeye. Nikae nayo mimi.

Basi kazi yangu ilikuwa imekwisha. Nilisimama nje ya lango, mji siujui, na barabara ilikuwepo, imenyooka vizuri kabisa. Nikaitazama. Kisha nikageuka upande wa Ngamiani nikaanza kuuliza chumba.

Nilikipata kwa Bibi Mwanaisha, mama mtu mzima aliyekuwa anauza maandazi barazani. Kilikuwa na kitanda cha kamba na dirisha dogo.

"Utakaa siku ngapi?" akaniuliza.

Sijawahi kujua jibu la swali hilo maisha yangu yote. "Mpaka mtoto atoke hospitali," nikasema.

"Mtoto wako?"

"Wa mtani wangu."

Akaniletea andazi na mkeka wa kuongezea. Nilipigilia msumari karibu na dirisha, nikaitundika hirizi hapo.

Hewa ilipotiwa, picha ilionyesha inakomea nyuma kabisa, chini, katikati. Huko ndiko walikomfungua, wakakuta uvimbe wenye maji ndani yake, wakautoa. Siku zile sitazieleza, maana mimi nilikuwa nje ya lango nikibeba mizigo ya watu bandarini na kurudi kuuliza. Chumba nilichokipanga nikidhani ni cha siku mbili nilikaa mpaka nikajua wateja wote wa maandazi kwa majina.

Asubuhi moja nikasikia hodi. Mama Zaina alikuwa amesimama uani, hakuingia, akajifanya anaongea na Bibi Mwanaisha. Aliyeingia ni Zaina, kwa miguu yake, kichwa kimenyolewa na kimefungwa kitambaa, mkono mmoja ukishika ukuta. Alikuja kumchukua Bibi, akasema, amrudishe Handeni kwa bibi mwenyewe. Nikamtungulia hirizi kwenye msumari. Akaipokea mara moja, mkono haukushika hewa.

Kisha akanitazama, macho yote mawili wazi.

"Leo uko mmoja," akasema.

Nikamuuliza ni yupi aliyebaki, anayecheka au yule asiyecheka.

Akafikiri. "Sijui," akasema. "Cheka nione."